Fumanizi Langu la Mtoni

Anna, Hadija, kaeni chini kwanza. Leo saa nne asubuhi, jua limewaka na watu wazima wapo, nimejidhalilisha mpaka nimemaliza. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, maana jioni hii nikianua nguo nimeisikia ikisimuliwa ng'ambo ya ua, na tayari imeota mkia. Eti nilikuwa na panga. Sikuwa na panga. Nilikuwa na mwiko.

Mnajua nimeolewa na nani. Rajabu, meneja wa Changani Jazz, bendi ya kiwanda. Tulipomaliza kidato cha nne nyie ndio mlionipigia vigelegele: "Utafaidi wewe, dansi kila wiki, mlangoni unapita hivi hivi!" Nimefaidi nini? Tangu nimzae Zuhura sijakanyaga ukumbini hata siku moja. Ninachokijua mie kuhusu umeneja ni hiki: mwanamume anatoka asubuhi na mkoba, anarudi na mkoba, na hapo katikati Mungu ndiye anayejua.

Alianza kama karani wa stoo pale kiwandani. Kwa kuwa alijua kupiga taipu, wakampa kazi ya kuandika barua za kuomba vibali vya dansi. Barua zikakubaliwa, wakamtuma kutafuta kumbi. Kumbi zikapatikana, wakamtuma redioni kupeleka matangazo. Na kwa kuwa ana mdomo, wakamfanya meneja. (Mdomo huo huo ndio ulionioa mie, kwa hiyo nguvu zake nazijua.) Siku hizi akipita barabarani wanawake hawamwiti jina. Wanamwita cheo. "Meneeeja!" Hiyo e ya katikati wanaivutia nini?

Haya. Mwezi uliopita mambo yakaharibika. Mwimbaji wao mkubwa alihamia bendi nyingine, watu wakaacha kuja. Kamati ya kiwanda ikamwita Rajabu, ikamwambia wazi: bugi la Jumapili hii, lile dansi la mchana, ukumbi usipojaa arudi stoo kwenye magunia. Na akirudi stoo, vyumba viwili tunavyokaa hapa Temeke, na bomba letu la uani, anapewa meneja mpya. Nyie mmezoea bomba. Mie nimekaa miaka miwili na ndoo kichwani, na sasa nina mtoto. Lile bomba kwangu ni ndugu.

Nilimwonea huruma, nawaambia kweli. Usiku nilikuwa namkanda mabega. Nilimwonea huruma mpaka siku tisa zilizopita.

Kwanza ikaondoka sukari. Sukari ya siku hizi mnaijua. Unasimama foleni duka la ushirika na mtoto mgongoni mpaka miguu inakufa ganzi, unapewa kilo moja, unaibeba kifuani kama mtoto wa pili. Asubuhi nafungua kopo, nusu haipo.

"Baba Zuhura, sukari imekwenda wapi?"

"Kuna mpiga tarumbeta wetu anaumwa."

"Anaumwa nini cha kuponywa na sukari yangu?"

"Kifua."

Kifua! Nikamwangalia anavyofunga viatu. Mtu asiye na hatia hafungi viatu haraka namna ile.

Kesho yake ikaondoka khanga. Ile ya maua mekundu, doti niliyotunzwa kwenye arobaini ya Zuhura. Kipande kimoja kipo kwenye kamba, cha pili hakipo.

"Nimeazima," akasema, hata haya hana.

"Ya kazi gani?"

"Kufutia vyombo vya bendi."

Jamani. Magitaa yanafutwa kwa khanga mpya inayonukia udi? Mwanamume akiamua kudanganya, walau ajitahidi!

Siku ya tatu nikakuta chanuo kwenye mkoba wake. Chanuo la mbao, kubwa, la meno marefu, la kuchania nywele nyingi. Rajabu amenyoa kichwa. Zuhura ana nywele saba. Nikalirudisha mkobani taratibu, nikamtilia chai, nikamuuliza habari za kazi. "Nzuri tu," akasema. Nzuri tu! Na mie nikasema moyoni, endelea.

Lakini kilichonichoma ni chakula. Alianza kunibembeleza nipike zaidi. "Mama Zuhura, wapigaji wanafanya mazoezi na njaa. Ongeza wali kidogo. Na samaki wa nazi kama atapatikana." Nikapika. Mie mjinga nimepika siku nane mfululizo! Anapakua kwenye bakuli langu la bluu lenye mfuniko, anafunga kitambaa, saa sita anaondoka nalo kalishika kwa mikono miwili. Juzi bakuli likarudi na ujumbe.

"Wanasema upunguze chumvi kidogo."

"Wanasema akina nani?"

Akaanza kukunja kitambaa. "Wapigaji. Wote."

Bendi ina watu kumi na wawili. Bakuli ni la mtu mmoja. Na wote wameonja chumvi! Anna, wewe ulikaa dawati moja na mie, unajua hesabu zilivyonitesa. Hii niliipata hapo hapo bila karatasi.

Yaani nampikia! Mke wa ndoa yuko jikoni na moshi machoni anampikia hawara, na hawara anatuma maoni!

Jana mchana akaja Mama Chiku, jirani yangu wa ukuta mmoja, anayechoma mihogo kule Mtoni. Mama Chiku hasemi umbea. Anauacha tu mahali ambapo utauona.

"Mama Zuhura, kumbe shemeji kapanga chumba Mtoni?"

"Chumba gani?"

"Aa, basi. Labda nimefananisha."

"Mama Chiku!"

"Haya, usinikazie macho. Nyumba ya yule fundi cherehani, chumba cha uani. Namwona kila siku saa sita na bakuli la bluu. Anagonga mara tatu, anaingia. Akitoka anafunga kufuli kwa nje."

"Kwa nje?"

"Kwa nje, shoga yangu. Na ndani mtu yumo. Nimesikia kwa masikio yangu, anaimba polepole, kisauti laini hicho, kama anabembeleza mtoto."

Kama anabembeleza mtoto. Nikakaa chini juu ya kinu. Kumbe na mtoto yupo!

Usiku kucha nikamsikiliza Rajabu anavyopumua. Analala vizuri, hana wasiwasi. Kilichonisumbua zaidi ni kufuli. Mie katika ndoa hii hajawahi kunifungia hata dirisha. Huyo mwenzangu ni mzuri kiasi gani mpaka afungiwe kama dhahabu ya Mhindi?

Sasa ndiyo leo. Saa mbili Rajabu kaaga, eti anakwenda redioni kuulizia tangazo la bugi. Nikamsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Nikamfunga Zuhura mgongoni, nikachukua mwiko wa kusongea ugali. Msiniulize kwa nini mwiko. Mkono ulijichukulia wenyewe.

Kutoka kwetu mpaka Mtoni nilikwenda kwa miguu, njia nzima nafanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa na hotuba nzuri sana. Ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, kama tulivyofundishwa. Utangulizi ulikuwa "Dada yangu, sikujui na wewe hunijui." Kiini siwezi kukiandika hapa.

Na kwa kuwa nimesoma, sikutaka ugomvi wa kihuni. Nikapita kwanza kwa balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule, ili fumanizi langu liwe halali. Ni mzee wa kwetu kusini, Mzee Nandonde. Nilimkuta kibarazani kwake anachonga kinyago cha mpingo. Juu ya kichwa chake pamebandikwa picha kubwa ya Orchestra Tingisha, bendi ambayo Mtoni nzima inaipenda kama timu ya mpira. Niliiona ile picha. Haikuniambia kitu.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na mwiko?"

"Balozi, katika nyumba zako kumi kuna mwanamke amefichwa."

Akaweka patasi chini. "Kwangu? Haiwezekani. Mgeni akilala usiku mmoja namwandika. Mbuzi wa watu akilala hapa najua."

"Huyu hujamwandika. Ana siku tisa. Kafichwa na mume wangu, kwenye chumba cha uani cha fundi cherehani, kwa kufuli."

Mzee Nandonde hakusikia "mume wangu". Alisikia "hujamwandika". Akaingia ndani, akatoka amevaa shati la kijani la mikutano, daftari kwapani.

"Siku tisa!" akasema. "Wakati huu ambao watu wasio na kazi wanakamatwa, wanapakiwa kwenye malori wanapelekwa vijijini kulima, mtu ananiletea mgeni wa siri siku tisa! Si nitaonekana mie mzembe? Twende!"

Balozi akitembea na daftari, mtaa unamfuata. Wa kwanza akatoka mama mwenye mtoto, wa pili kijana mwenye mswaki mdomoni, wa tatu nikaacha kuangalia. Mama Chiku kaacha mihogo yake inaungua. "Mpige, dada!" wanawake wananitia moyo. "Mwizi wa mume hana msalie Mtume!" Nikajisikia kiongozi. Tulipoingia uani tulikuwa kama watu thelathini.

Fundi cherehani akatoka na futi shingoni.

"Mie najua chumba, Balozi. Mtu simjui. Meneja aliniambia anahifadhi vyombo vya bendi."

"Vyombo vinaimba?" nikamuuliza.

Fundi akaanza kujipima kiuno.

Mama Chiku akanong'ona, "Wagonge mara tatu." Balozi akagonga. Mara tatu. Halafu sauti ikaja kutoka ndani, ya kunong'ona, tamu, imejaa deko:

"Meneja? Leo umewahi. Umemwambia kuhusu chumvi?"

Hotuba yangu ikapotea yote. Utangulizi, kiini, hitimisho. Nililipiga kufuli kwa mwiko, mwiko ukakatika. Nikaupiga mlango kwa bega. Balozi anasema, "Subiri, mwanangu, kwa utaratibu!" Utaratibu gani? Bega la pili likang'oa komeo zima na kufuli lake, nikaingia nalo.

Mle ndani giza. Dirisha limezibwa gunia. Nikaona kitanda. Juu ya kitanda nikaona khanga yangu ya maua mekundu, na ndani ya khanga mtu, na juu ya mtu nywele nyingi, za mviringo, zimechanwa zikachanika. Nikajua chanuo lilikokwenda.

"Malaya mkubwa! Chumvi! Leo utaila chumvi!"

Nikashika khanga, maana khanga ni yangu, nikavuta kwa nguvu za siku tisa. Ikaja.

Ikaja yote.

Mlango uko wazi, jua limeingia mpaka kitandani, watu thelathini wamenyoosha shingo. Na Zuhura mgongoni kwangu akapiga makofi. (Kajifunza juzi. Nilikuwa nimejivunia sana.)

Aliyesimama mbele yetu hakuwa mwanamke. Hilo liliamuliwa na watu wote bila kupigiwa kura. Alikuwa na masharubu, na masharubu ndiyo niliyoyaangalia mie, kwa bidii, mengine simo. Maskini akatafuta cha kujisitiri, mkono ukaangukia bakuli langu la bluu la jana, lenye ukoko wa wali na mchuzi wa nazi. Akajisitiri nalo hivyo hivyo. Bakuli lile nimewaachia Mtoni.

Mngefikiri hapo ningeshika adabu. Sikushika. Nikachungulia nyuma ya mlango. Nikainama chini ya kitanda.

"Yuko wapi?"

"Nani, dada?" akauliza, meno yanagongana.

"Mwanamke! Na mtoto wake!"

"Mtoto gani tena?"

Nyuma yangu nikasikia kitu kimeanguka. Daftari la Balozi.

"Kinanda!" Mzee Nandonde sauti inamtetemeka kama kaona maiti inaomba maji. "Athumani Kinanda! Si tumeambiwa unaumwa, umepelekwa kwenu Tanga?"

Uani pakalipuka. Athumani Kinanda, Anna! Mwimbaji mkuu wa Orchestra Tingisha! Yule ambaye Mtoni nzima ilikuwa inamwombea dua apone!

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nikatamani ardhi ya Mtoni iwe laini kidogo. Mie mke wa meneja nilipaswa kujua kuliko wote. Bendi zinaibiana waimbaji. Na ukishamwiba mwimbaji huwezi kumwonyesha siku hiyo hiyo. Wenzake watakuja kumbembeleza, watamleta mama yake alie mlangoni, watamrudisha. Kwa hiyo unamficha, tena pale pale kwa mashabiki wake, ambako hakuna atakayemtafuta. Unamlisha. Unampa cha kujifunga. Unamfundisha nyimbo zako kwa sauti ya chini, halafu siku ya dansi unampandisha jukwaani ghafla, ukumbi unapasuka. Ndiyo maana mji mzima umebandikwa yale matangazo ya Changani Jazz: JUMAPILI, MSHANGAO MKUBWA. Rajabu alinisimulia ufundi huu wote tukiwa wachumba. Lakini mwanamume unayempenda akikusimulia mambo ya kazi, unasikiliza? Unaangalia meno.

Nikamrudishia Kinanda khanga nimefumba macho.

Watu nao wakageuka. Wale wale wa "Mpige, dada!" Yule mama mwenye mtoto akaninyooshea kidole: "Kumbe huyu ndiye mke wa mwizi! Wametuibia Kinanda!" Nikasema, jamani, si mie niliyewaleta? Hakuna aliyesikia.

Balozi akaokota daftari, akajikohoza, akawa serikali.

"Athumani. Umelala kwangu siku tisa bila kuandikwa. Kosa. Bendi yako umeiacha?"

"Nimeiacha, mzee."

"Una barua ya ajira mpya?"

"Bado, mzee."

"Basi huna kazi. Wasio na kazi lori linakuja Jumamosi." Akapindua ukurasa polepole, kalamu anaizungusha. "Lakini kama tangu mwanzo wewe ni wa Tingisha, na ulikuja hapa kupumzika tu kifua, mie sijaona kitu."

Mwingine akicheza karata namna hiyo angeitwa mlanguzi. Yeye ni Balozi.

Na hapo hapo, mlangoni mwa ua, akatokea Rajabu. Mkono mmoja ufunguo, mkono mwingine kichane cha ndizi. Akaliona komeo chini. Akamwona Kinanda na khanga. Akaniona mie na nusu ya mwiko. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama Zuhura."

"Baba Zuhura."

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kufumania."

"Umemfumania nani?"

Nikaangalia miguu yangu. "Kinanda."

Kicheko kilichotoka uani nadhani kimefika bandarini. Hata fundi cherehani kacheka, na alikuwa mtuhumiwa.

Rajabu akajaribu. Nitamsifu kwa hilo, alijaribu. "Balozi, huyu ana kazi. Mwajiri wake ni mie."

"Barua?"

"Itaandikwa Jumatatu. Ningeiandika mapema kila mtu kiwandani angejua."

"Leo ni Alhamisi, Meneja."

Wote wakamgeukia Kinanda. Akakaza fundo la khanga, akavuta pumzi kama anataka kuimba.

"Meneja, nisamehe. Kufuli nimelivumilia. Chumvi nimeivumilia. Lakini kuvuliwa nguo na mkeo mbele ya mashabiki wangu, halafu nikalime? Hapana, kaka."

Wakambeba juu juu. Wakatoka naye wanaimba, nywele zinayumba, khanga yangu kiunoni, Balozi mbele na daftari. Tukabaki uani watatu na kichane cha ndizi. Zuhura anazitaka.

Njiani tulitembea mbali mbali kama watu wasiojuana. Tulipokaribia kwetu ndipo alipofungua mdomo.

"Ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza! Ukaniambia tarumbeta linaumwa kifua!"

"Ningekwambia ukweli, kesho yake Mama Chiku angejua."

"Kwani sasa hajui?"

Akahamishia ndizi mkono wa pili. Hasira yangu ilikuwa bado nzima lakini imekosa mtu wa kumkalia. Nilimdhania uhuni, kumbe yuko mbioni kututafutia paa. Lakini naye kwa nini alifunga viatu haraka vile? Kwa nini khanga yangu yenye udi? Mtu akificha jambo jema kwa sura ya jambo baya, atakayekosea ni nani?

Nyumbani akakaa kitini, kichwa mikononi. Mie nikaenda uani nikafungua bomba, nikayaangalia maji yanavyotoka. Nikamwona mke wa meneja mpya anakinga ndoo yake pale pale, anaanika nepi za mwanawe kwenye kamba yangu. Nikalia kidogo, maji yanamwagika ili asinisikie. Msimwambie mtu hilo.

Saa tisa mlango ukagongwa. Wasichana wawili wa kiwandani.

"Meneja, hodi. Eti Jumapili shemeji atakuwepo?"

"Shemeji yupi?" Rajabu hata hakuinua kichwa.

"Huyo mkeo. Aliyemvua Kinanda. Tunataka tumwone tu."

Wakaondoka. Baada ya dakika wakaja mafundi wanne wa gereji, swali lile lile. Halafu mzee na wake zake wawili, wametoka Keko kwa miguu. Kila mlango ukigongwa Rajabu kichwa kinainuka kidogo. Wa nne kugonga alipoondoka, Rajabu akasimama. Nikauona uso wake. Uso ule naujua, ndio aliokuwa nao siku anamshawishi baba anioze kwa mtu wa bendi.

"Rajabu, hapana," nikasema. Alikuwa hajasema kitu bado!

Akachukua brashi na kopo la rangi nyekundu, akatandaza matangazo yaliyobaki sakafuni. Chini ya MSHANGAO MKUBWA akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa karani: MKE WA MENEJA ATAKUWEPO. NJOO UMWONE KWA MACHO YAKO.

"Mie nimekuwa twiga wa maonyesho?"

"Mama Zuhura, ukumbi utajaa. Utajaa mpaka madirishani. Mwimbaji hata sihitaji."

"Na nisipokuja?"

Akaangalia dirishani, kule uani, kwenye bomba. Mwanamume huyu anajua pa kuangalia.

Sasa hivi ametoka kwenda kubandika. Kaniambia anaanzia Keko, anamalizia Kinondoni. Nimeuliza anakwenda na nani, na barabara ipi, na saa ngapi atarudi. Nimemwambia anionyeshe mkoba. Kauonyesha. Gundi, brashi, matangazo. Nimeunusa pia. (Gundi.)

Nitakwenda. Nitakaa mstari wa mbele, nimevaa vizuri, nimempakata Zuhura, naangalia jukwaa kama vile nyuma yangu hakuna mtu. Anna, utoke huko Mikocheni mapema. Hadija, wewe ni karibu zaidi, usiniletee visingizio. Mtakaa mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto. Nawajua, hamtaweza kujizuia. Basi ngojeni tarumbeta zipande juu kabisa, ndipo mcheke, nisisikie.